Vitamini Eee!

Bwana Afya alisimama mbele ya zahanati akainua kichupa. "Wazee wangu, humu mna mlonge, manjano na vitamini E!"

"Eee!" wakaitikia wazee, wakidhani wanaitikishwa.

Kicheko kikazuka. Mzee Kizengo peke yake hakucheka.

"Mlonge upi?"

"Huu huu wa uani, mzee. Unasaidia mifupa na maungo."

"Huu uliomkataza mke wangu?"

Mwaka juzi Bwana Afya huyu huyu aliingia uani kwa Nyamizi, akamwaga sufuria yake ya majani ya mlonge. Akasema ule ni ushamba, akampa vidonge. Nyamizi akatii, maana mkubwa kasema. Magoti yakakaza, akawa anatambaa kwenda chooni, na mpaka anazikwa hakusimama tena.

"Wakati ule mwongozo ulikuwa mwingine, mzee wangu. Umebadilika."

"Umebadilika! Na mbona hamkupita kwangu kuniambia?"

"Kaa kwanza, Mzee Kizengo."

"Sikai. Sema mbele ya watu hawa kwamba Nyamizi alikuwa sahihi. Basi, nitakwenda zangu."

Bwana Afya akatazama viatu vyake. Kisha akamtilia kichupa mkononi. "Chukua, mzee. Bure. Kitakufaa magoti."

Kizengo akakifungua, akakinusa. Kilinukia jiko la Nyamizi. Nyuma yake foleni ilianza kusukumana, naye akabaki pale pale, macho kayafumba, pumzi kaibana kifuani, hataki kuitoa.