Kidole Gumba cha Marete

“Tulia, baba Mutegi. Ukijitikisa nitakutoboa.”

Marete akatulia. Alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni pa jikoni, mkono wa kulia juu ya paja la mkewe Ntinyari, kidole gumba kimeinuliwa. Ukucha wake ulikuwa mrefu, mgumu, wenye rangi ya majani yaliyooza. Hapa mjini Maua hakuna anayeuliza ukucha kama huo ni wa nini. Ni wa kuchuna ganda la miraa, basi.

Na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Marete alitaka kuwa mzee wa kanisa, alitaka mpaka akawa anauota. Jina lake lilikuwa limekataliwa mara mbili, na kwa sheria zao ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukiniuliza mimi, kanisa lenyewe lilijengwa na miraa: mabati ni miraa, kengele ni miraa, hata pikipiki ya mchungaji. Kuipanda ni bidii na kuiuza ni baraka. Lakini mzee wa kanisa aitafune? Woi! Hapo shetani ameingia.

Aliyekagua wazee alikuwa mama Igoki, mwenyekiti wa akina mama. Huyo hakuwa na maswali. Alikuja kwako Jumamosi asubuhi, akakupa mkono, na hakuuachia mpaka amekigeuza kidole gumba na kukichungulia kama mtu anayechagua viazi pale soko la Gakoromone. Yeye mwenyewe gumba lake lilikuwa limefungwa plasta. Alijikata na kisu Krismasi, alisema, na sasa tulikuwa tunaikaribia Pasaka.

“Si ungekata tu na wembe tumalize?” Marete aliuliza.

“Muchangi si alikata na wembe mwaka jana? Ukucha ukabaki meno meno kama msumeno, na doa pale pale. Mama Igoki hata hakungoja chai.”

Ndiyo maana juzi Ntinyari alikuwa ameenda dukani kwa Rahema, anayeuza mafuta ya nywele na marashi. Rahema alimtolea tupa ya kucha ya chuma. Ntinyari akaikataa. Ya chuma hupasua ukucha ukaachana matabaka. Alitaka ile ya msasa, yenye upande mkali na upande laini.

“Ya nani?” Rahema aliuliza.

“Ya mzee wangu.”

Ntinyari aliipokea kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hata mtoto huchapwa kwa ajili yake. Mkono wa kulia ulibaki ndani ya leso. Rahema akamtazama kidogo.

“Chukua mbili,” akasema.

Sasa Ntinyari alikuwa anasugua, taratibu, ukucha ukiwa mkavu, maana uliolowa maji huraruka. Alikwenda upande mmoja tu, kutoka pembeni kuja katikati, wala hakurudi nyuma. Marete alikuwa na macho ya kidole chake peke yake.

“Hapa kushoto ndipo ganda hukwama,” Ntinyari alisema.

“Hapo hapo kabisa,” Marete akajibu. “Lakini leo nimeacha. Na hata nisingeacha, panya wa nyumba hii wangenimalizia. Jana nimefungua majani ya mgomba, nusu ya kifungu haipo! Panya gani hawa wanaokula miraa?”

“Panya wa Maua,” mkewe akasema. Akageuza tupa upande laini, akamalizia kwa kipande cha ndimu kuondoa doa.

Saa nne mama Igoki akaingia, mwavuli kwapani, daftari mkononi. Alimsalimia Marete na kumshika. Akakigeuza kidole. Akakipapasa. Akakisogeza mpaka penye mwanga wa dirisha, akakinusa.

“Ni safi,” alisema, na kwa sauti yake ungedhani amepata msiba. Akaandika jina daftarini. Ilibaki kidogo tu Marete arukeruke mbele ya mgeni.

Ntinyari akaleta chai, akaiweka mezani haraka, akageuka kuondoka.

“Na wewe mama Mutegi, hunisalimii? Mzee wa kanisa si mtu mmoja. Ni nyumba nzima.”

Ntinyari akatoa mkono wa kushoto.

“Wa kulia, mama.”

Marete akacheka. “Mpe mkono, unaogopa nini?”

Ntinyari akautoa. Mama Igoki akakigeuza kidole gumba. Ukucha ulikuwa mrefu, mgumu, wenye rangi ya majani yaliyooza.

Marete akawakumbuka panya wake. Aliliangalia daftari, lile jina lake ambalo wino wake haukuwa hata umekauka, na machozi yakamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake.

“Baba Mutegi, wewe kunywa chai,” mama Igoki alisema. “Mambo ya akina mama tunayazungumza jikoni.”

Alimvuta Ntinyari mpaka jikoni, akausukuma mlango kwa nyonga, akatia komeo. Tupa zote mbili zilikuwa juu ya stuli, pale zilipoachwa.

“Mama, nihurumie,” Ntinyari akaanza kulia. “Niadhibu mimi, usimfute mzee. Ni mimi, ni hii baridi ya asubuhi, nilionja tu mara moja…”

Mama Igoki hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshakaa kwenye stuli, tupa mapajani, anabandua plasta.

“Anza na upande mkali,” alisema. “Chako tutafanya baadaye.”