Asubuhi za Belo

Daftari la Hisabati la binti yangu Swaumu lilikuwa bado jipya, kurasa chache tu zimeandikwa, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa wiki ijayo.

Nililifungua asubuhi hiyo kibandani kwangu, soko la Mchikichini. Tarehe za Jumatatu na Alhamisi hazikuwemo hata moja. Hizo ndizo siku belo, furushi kubwa la mitumba, hufunguliwa asubuhi, na ukigombania peke yako huambulii nguo nzuri. Kwa hiyo nilikuwa namchelewesha shule anisaidie. Nusu saa tu, nilijiambia.

"Mbona hukusema Hisabati ni kipindi cha kwanza?"

"Nilisema, mama. Ukanijibu nitanakili kwa wenzangu."

"Ukanakili?"

"Tuko mia na kumi. Ukichelewa unakaa chini, nyuma kabisa. Siku hizo ubao sijawahi kuuona." Akacheka kidogo. "Nimewasoma watu migongo tu."

Nilimshika mkono. Kucha zake zilikuwa zimejaa vumbi la nguo, kama zangu.

Mama mwenzangu unayesoma haya, lifungue daftari la mwanao mapema.

"Belo hilo! Wahini!" akapaza sauti muuzaji.

Kabla sijafungua mdomo kumzuia, Swaumu alishasimama, anakunja mikono ya shati la shule.