Mashine Inayonukia Zaidi

Mwanamume mzima, tai shingoni, aliinamisha pua ndani ya mashine mpya ya mkate ambayo ilikuwa haijawahi kuona unga.

"Kaka, hapo utanusa plastiki tu," muuzaji alimwambia, akijizuia kucheka. "Mkate wenyewe utaunusa nyumbani."

"Harufu yake itafika wapi? Hadi mlango wa mbele?"

"Hadi kwa jirani, hasa kama jirani ana njaa."

Mama yake yule mwenye tai alicheka hadi akashika meza. Hakuwa amecheka hivyo tangu mumewe azikwe.

Mashine ya zamani ilikuwa imekata roho juzi. Ilianza kukanda, ikakohoa, ikanyamaza na unga tumboni. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunika tena kwa heshima kama anayefunika maiti. Mama angeridhika kurudia kukanda kwa mikono. Aliyetaharuki ni mwanawe. "Usijisumbue, mama. Kesho nakuja tukachague nyingine," alisema kwenye simu, na kweli kesho yake akaja.

Kuja huko kulikuwa kila kitu kwa mama. Baada ya mazishi walikwaruzana: kijana alitaka mama ahamie kwa dada yake, apumzike, mama akajibu kwamba katika nyumba ile hatoki kwa miguu yake, atatoka kwa kubebwa. Simu zikakauka. Kisha, mwezi uliopita, mwanawe akatokea bila taarifa, akala mkate wa moto amesimama, akatazama huku na huku na kusema, "Mama, harufu hii ndiyo nyumba yenyewe."

Tangu siku hiyo habari ya kuhama haikutajwa tena. Mama hakuwa na ombi lingine duniani ila mwanawe arudi kukaa pale. Isitoshe, pale ni kwake. Marehemu alikuwa ameiandika nyumba kwa jina la kijana angali shuleni, ili ndugu wasije kuigombea.

Na sasa alikuwa akileta hata wageni. Watu wastaarabu, ila wenye haya kupita kiasi. Walisifu madirisha. Walinawa mikono kwa muda mrefu, wakiyatazama maji ya bomba. Karibu wote waliondoka bila kumaliza kipande.

"Rafiki zako hawali," mama alilalamika siku moja.

"Wana haraka tu, mama. Lakini mkate wameusifu."

Muuzaji alipanga mashine mbili mezani. Ya kwanza, alieleza, hutoa mkate wenye ganda gumu, na kifuniko chake hubana mvuke wote ndani. Mama aliipenda papo hapo. Meno yake bado yalikuwa yake. Ya pili ilikuwa na matundu juu.

"Hii haifichi siri," muuzaji alisema. "Ikianza kuoka, nyumba nzima inajua."

"Tupe hiyo," mwana alisema.

"Ganda lake laini mno," mama alinong'ona.

"Utazoea, mama."

"Mkiongeza kidogo," muuzaji aliendelea, "waranti inafika miaka mitano."

"Ya kawaida inatosha."

"Chukua ya miaka mitano, mwanangu," mama alisema. "Mimi na chombo hiki tutazeeka pamoja."

Mwanawe alikuwa ameshatoa simu na kuitazama. "Ya kawaida inatosha, mama."

Ubahili wa baba yake mtupu! Mama aliutazama uso ule wa upande, akaupenda mara mbili.

Nyumbani kijana hakumwachia mtu kazi. Aliibeba mashine kifuani kama mtoto mchanga, akaiweka karibu na mlango wa jiko, akapima unga na hamira mwenyewe, kisha akategesha saa ili mkate uive wageni wakibisha hodi.

"Leo ni akina nani?" mama aliuliza.

"Mtu na mkewe. Watu wa maana, mama. Tafadhali, usiwasimulie habari za marehemu."

"Kwani marehemu aliwakosea nini?"

"Hawakukosewa. Wengine huogopa tu nyumba iliyotoka kufiwa."

Mama aliahidi. Alivaa gauni lake la heshima, akapangusa meza iliyokuwa safi. Asubuhi ile, kabla ya kwenda dukani, alikuwa amekifungua chumba cha ujana cha mwanawe, akageuza godoro na kutandika shuka mpya. Hakumwambia. Wageni wakishaondoka angemshika mkono, amwonyeshe kitanda, amwambie leo usirudi huko unakopanga, lala kwenu.

Muuzaji hakuwa amedanganya. Harufu ilitoka jikoni, ikapita ukumbini, ikawapokea wageni mlangoni kabla ya wenyeji. Kijana akawatembeza chumba hadi chumba, sauti yake imejaa fahari, na mama, akiwa jikoni akikata mkate, alijisemea kwamba mtu haonyeshi hivyo mahali asipopapenda.

Mke wa mgeni aliingia jikoni wa kwanza. Alisimama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Karibu, mwanangu," mama alisema, akimnyooshea sahani kwa mikono miwili. "Onja ungali moto."

Mwanamke alitikisa kichwa kwa adabu, akamgeukia mumewe aliyekuwa bado ukumbini.

"Hawa madalali wote wamesoma shule moja," alimwambia akicheka. "Hata ile nyumba tuliyoonyeshwa jana walikuwa wanaoka mkate."