Kidole cha Peres

"Peres, weka kidole hapa, ubonyeze ndiyo!" Bosi aliniletea simu nikikanda unga wa chapati.

Mtandao wa kompyuta wa bosi na wenzake hauna mkubwa. Wanachama hupiga kura programu ibadilishwe au ibaki, na bosi aliniandikisha mwaka jana kwa alama ya kidole changu. Sasa kura zilikuwa sare, zimebaki dakika tatu.

"Na Jumapili yangu? Miezi minne sijaingia kanisani."

"Nitakupa! Naapa!"

"Hata Pasaka uliapa. Si ulisema kitu kikiandikwa huko hakifutiki? Andika."

Akaandika: Peres hafanyi kazi Jumapili. Wanachama dunia nzima wakasoma.

"Haya, Peres! Sekunde arobaini!"

Nikafungua mfereji, nikaanza kutoa unga kwenye ukucha, polepole.

"Ongeza Jumamosi mchana, bosi."