Kidonge cha Bibi Harusi

Katika mji ule, bibi harusi hainui macho wala mkono mpaka wanawake wamalize kumtazama. Lakini Mwanaidi alihisi jasho baridi likimtoka, akafunua shela na kuomba maji.

"Macho makavu!" akacheka shangazi wa bwana harusi. "Huna haya, mwanangu?"

"Shangazi, wewe ukishtuka, kitezi chini ya ubongo huamrisha mwili utoe homoni ya kuhimili mshtuko huo. Changu kilikatwa pamoja na uvimbe. Amri naitoa mwenyewe. Leo nisipoongeza kidonge nitaanguka, pengine nisiinuke."

Kungwi wake akamshikia gilasi ya maji kwa mikono miwili. Mwanaidi akameza kidonge mbele yao wote, kichwa juu, tone la maji likimteremka polepole shingoni.