Kengele ya Fahali

Ngoma zilinyamaza Lukindo alipoingia uwanjani na kamba yenye kengele, bila ng'ombe. Siku ya harusi ya Lukindo, Shebuge alimtunza kwa kumpa fahali aliyevaa kengele hiyo. Leo karamu ilikuwa ya Shebuge, na kwao tunzo hurudishwa na nyongeza juu, la sivyo ukoo mzima wa mdaiwa huinuliwa mkekani bila kula.

"Fahali amekufa kwa kiangazi, mzee wangu," alisema.

"Pole sana. Basi mimi nishike nini?" Shebuge aliuliza, mkono keshaunyoosha mbele ya wageni.

Lukindo aliwatazama wanawe, waliokwisha kunawa mikono wakingoja chakula. Akajivika kamba shingoni, akamkabidhi Shebuge ncha.

Walipoanza kuelekea zizini kengele ililia, na mchinjaji, kwa mazoea, akainuka na kisu chake.