Mke wa Mwenyekiti

Siku ya fainali ya besiboli, Mwatumu aliketi katikati ya mashabiki makusudi, asikie wanavyomsifu mumewe, mwenyekiti wa ligi. Si ndiye aliyewajengea uwanja?

Mumewe alipoingia kurusha mpira wa ufunguzi, uwanja mzima ukalipuka kwa kumzomea.

Mwatumu alipigwa na butwaa. "Kawakosea nini?" akamuuliza mama aliyekaa kando yake.

"Kauua mchezo huyu! Katujengea uwanja, halafu kafuta timu zote za mitaani. Wanangu wachezee nani?" Kisha akamkazia macho. "Kwani wewe ni nani wake?"

Mwatumu aligeuza macho uwanjani. Kule chini mumewe alikuwa akiwapungia watu mkono, akitabasamu kana kwamba anashangiliwa.